Kwa Baba, Kuhusu Namba 999,983

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na Mama akiniona naandika salamu kwa mtu tuliyemzika ataanza kuniangalia kwa wasiwasi. Lakini ulinifundisha kwamba mtoto hafungui kinywa mbele ya mzazi kabla ya shikamoo, hasa yule aliyekuja na kosa. Nimekuja na kosa, kwa hiyo naanza na salamu.

Barua hii naiacha wazi, aisome yeyote atakayeikuta. Nilikuaibisha mbele ya watu. Kukuomba radhi chumbani, peke yangu, mlango umefungwa, kungekuwa ujanja. Na kwa kuwa wengi watakaoisoma hawakukujua, niwaambie kidogo. Ulikuwa mkata mkonge. Ulishuka kutoka milima ya Usambara ukiwa kijana, ukafuata kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Pangani, ukakata majani zaidi ya miaka ishirini mpaka mgongo ulipogoma, ndipo tukahamia Mwera ukalima mihogo. Ulisoma mpaka darasa la nne. Na ulizipenda namba kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, nikijihesabu na mimi niliyezisomea mpaka chuo kikuu.

Nilikuwa darasa la tano nilipokuja na kazi ya nyumbani: andika namba tasa tano za kwanza. Uliniuliza namba tasa ni kitu gani. Nikakujibu kama tulivyokaririshwa, kwamba ni namba isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Ulifikiri kidogo, ukasema, kumbe ni majani yasiyofungika. Ukikata majani saba, ukafunga mawili mawili, moja linabaki. Ukafunga matatu matatu, moja linabaki. Ufungeje, kuna linalobaki nje. Nikakuambia ndiyo, ndivyo. Tangu siku hiyo sijawahi kumfundisha mtoto namba tasa kwa maneno mengine.

Kisha ukauliza swali ambalo mwalimu wangu hakuwahi kuliuliza: je, karibu na milioni kuna majani yasiyofungika? Nikasema sijui. Ukasema wewe pia hujui, basi tutafute. Mama alikuwa anamenya mihogo pembeni. Akauliza tukishaipata tutaipeleka wapi. Ukamwambia hatuipeleki popote, tunaitafuta tu.

Wiki nzima ulitengeneza orodha ya mafungu. Ulichukua kalenda ya zamani, nyuma yake ukaandika namba moja hadi elfu kwa mistari, ukawa unafuta: zote zinazofungika kwa mbili, zote zinazofungika kwa tatu, kwa tano, kwa saba, ukaenda hivyo hivyo mpaka zikabaki zile ngumu tu. Uliniambia kama majani hayafungiki mawili mawili, hayatafungika manne manne wala sita sita, kwa hiyo tusijichoshe na hayo. Halafu ukanisomea zilizobaki, na mimi nikaziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wa duara niliokuwa najivunia. Ulisoma, niliandika. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Jumapili tulikuwa tukitoka kanisani, tunakula, halafu unaita: "Karani, lete daftari." Uliniita Karani kwa sababu ya utaratibu wa shambani. Mkataji hajihesabii mafungu yake; anafunga, kisha karani anakuja kuhesabu, na kisichohesabiwa na karani hakijakatwa. Basi wewe uligawanya, na mimi nilirudisha: nilizidisha idadi ya mafungu kwa ukubwa wa fungu, nikajumlisha baki, na jibu lazima lirudi kwenye namba yetu ileile. Nisiporudisha, hukuniruhusu niandike baki. Hata siku niliyokuwa na homa ya malaria ulikataa kuendelea, ukasema tutangoja.

Namba ya kwanza ilikuwa 999,999, ikafungika kwa tatu kabla chai haijapoa. 999,998 ni shufwa, hatukuigusa. Tukashuka kwa 999,997, na hiyo, Baba, ilitupotezea miezi. Mafungu manne kila Jumapili, mengine matano ukiwa na nguvu. Ikagoma kwa kumi na tatu, ikagoma kwa mia na moja, ikagoma kwa mia tano na kitu. Ulianza kutembea kwa madaha. Ulimwambia mchungaji mlangoni mwa kanisa kwamba una jambo lako karibu litimie, naye akadhani unajenga.

Tukafika 757. Uligawanya, ukapata mafungu 1,321, na hakikubaki kitu. Ulinisogezea daftari. Nilirudisha mara tatu, kila mara nikiomba nikute umekosea, na mara zote tatu ilirudi sawasawa. Ukacheka kidogo, ukasema, "Ningekuwa peke yangu ningelichana hili daftari." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuelewa kwamba mtu mzima anaweza kumhitaji mtoto wake kwa jambo la namna hiyo.

Tulishuka tena. 999,995 inaishia na tano. 999,993 ikafungika kwa tatu. 999,991 ikaenda kwa kumi na saba, 999,989 kwa kumi na tisa, zile mbili za chini yake zikaenda kwa tatu na kwa tano. Ndipo tukafika 999,983, na hiyo ikasimama.

Ilisimama Jumapili hadi Jumapili. Nilipoanza kuchoka nilikuuliza kwa nini tuishie elfu moja, mbona namba ni kubwa hivyo, huenda inafungika kwa fungu la elfu mbili. Ulikuwa umeshalifikiria hilo ukiwa unapalilia. Ukasema, ukifunga kwa fungu kubwa kuliko elfu, idadi ya mafungu itakuwa chini ya elfu, maana elfu mara elfu tayari ni milioni na sisi hatujaifika. Sasa idadi hiyo ya mafungu ingeweza yenyewe kuwa ukubwa wa fungu, na sisi huko chini tumeshapita. Miaka mingi baadaye profesa mmoja aliandika jambo hilohilo ubaoni, kwa herufi na alama ya kipeuo cha pili, na wenzangu wakainamia madaftari yao. Mimi niliweka kalamu chini. Nilitaka kumwambia mtu kwamba hii naijua, hii ni ya baba yangu.

Fungu la mwisho lilikuwa 997. Ukapata mafungu 1,002, na majani 989 yakabaki. Yalipungua manane tu fungu lingine litimie. Manane, Baba! Nilirudisha. Ilipokubali ulisimama, ukavaa koti lako la kijivu la kanisani, ukatoka kwenda kumwambia jirani, ambaye alikuwa anafua nazi na hakuelewa hata neno moja, lakini alikupa mkono. Mtaani wakakubandika jina la Mzee Milioni. Ulikuwa unawasahihisha kila mara, kwamba si milioni, ni pungufu ya milioni kwa kumi na saba.

Nilipokuwa chuoni nilijifunza mambo mengi kuhusu namba yako, na mengi sikukuambia. Wacha niyaseme sasa. Ukijumlisha tarakimu zake unapata arobaini na saba, nayo haifungiki. Kumi na saba unayopungukiwa ufike milioni, nayo haifungiki. Ukitaka kupanda miche 999,983 ya mkonge katika viwanja viwili vya mraba, vyovyote vile, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, huwezi. Na sababu ni ndogo ya kushangaza, kwamba ukiifunga manne manne yanabaki matatu. Baada yake hakuna nyingine mpaka uvuke milioni na hatua tatu. Lakini ungeshuka hatua nne tu chini ungekutana na 999,979, ambayo nayo ni ngumu vilevile, kwa hiyo yako haikuwa mpweke. Na siku hizi siri za watu kwenye simu zinalindwa kwa namba za ukoo wake, ndefu kiasi kwamba moja tu ingejaza karibu ukurasa mzima wa daftari letu. Mama alitaka kujua tutaipeleka wapi. Kumbe kuna zinakopelekwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa nimeajiriwa mwaka wa pili, nafundisha sekondari hapa mjini, naishi Nguvumali chumba na sebule. Tuliandaa siku ya hisabati, na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema baba yangu aje azungumze na kidato cha tatu. Nilijivunia wewe, nataka uniamini kwa hilo. Ulikuja na basi la asubuhi, koti lilelile, daftari limefungwa kwenye mfuko wa rambo. Mkuu wa shule alikaa mbele, walimu wenzangu pembeni, na wanafunzi themanini wamebanana kwenye madawati.

Ulikuwa mzuri, Baba. Uliandika 999,983 ubaoni kwa tarakimu kubwa, ukawaambia wafikiri wamekata majani hayo yote na wanatakiwa wayafunge sawasawa. Darasa lililonisumbua mwaka mzima lilitulia. Ukafungua daftari ukaanza kuwasomea: mbili, likabaki moja. Tatu, yakabaki mawili. Tano, yakabaki matatu. Saba, yakabaki matano. Ulisoma kama anayesoma Zaburi, nao wakaanza kukufuatisha kwa sauti. Ishirini na tatu, yakabaki kumi na mawili. Ishirini na tisa, yakabaki matano. Thelathini na saba, yakabaki ishirini na moja.

Hapo nikaona. Siwezi kusema sikuweza kujizuia, niliweza. Ningeweza kungoja umalize, nikakunong'oneza njiani. Lakini mkuu wa shule alikuwa ananitazama na nilitaka ajue kwamba naona upesi.

"Baba, subiri kidogo," nikasema. "Thelathini na moja iko wapi?"

Uliangalia daftari. Ukapitisha kidole kwenye mstari, ukarudi nyuma, ukapitisha tena. Kisha ukaniuliza, kwa upole kabisa, kama unayemuuliza karani wa shambani:

"Thelathini na moja si ndo thelathini yenyewe, mwanangu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Wanafunzi hawakuwa na kosa, hawakujua. Mimi nilikuwa najua. Nimezaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, nimekua nikikuona ukifunga. Fungu la mkonge ni majani thelathini, lakini kila mkataji mwenye akili anaweka moja juu, la nyongeza, ili karani akikataa jani fupi fungu lisivunjike. Ukilihesabu ni thelathini na moja, ukilitaja ni thelathini, na mtu akilitaja vingine anaonekana mgeni. Kwa miaka zaidi ya ishirini mikono yako ilifunga moja na mdomo ukasema nyingine. Siku ile unafuta namba nyuma ya kalenda, ulipofuta thelathini mkono uliifuta na ile ya juu yake, kwa sababu kwako hazijawahi kuwa mbili. Dakika moja ingetosha kuwaeleza watoto wale. Wangekupenda zaidi. Badala yake nikawageukia nikafanya somo:

"Mmeona? Pengo moja tu, kazi yote inaanguka."

Ukurasa uliokuwa mbele yako ulikuwa kwa mwandiko wangu. Ule wa duara. Kama orodha ilikuwa na pengo, niliyeandika ni mimi, na ungeweza kusema hivyo mbele ya wote na mimi ningeumbuka. Hukusema. Ulilifunga daftari, ukasema, "Kweli, mwalimu." Hukusema Karani. Ulipanga kulala kwangu siku mbili, nilikuwa nimeshanunua samaki, lakini ukasema umekumbuka kuna mihogo ya kung'oa, ukapanda basi la mchana. Nilikusindikiza mpaka getini tu, nilikuwa na kipindi.

Nilikupigia jioni nikasema samahani kwa leo. Ukajibu hamna neno, nimesema kweli, nisijali. Ukaongeza, "Ukipata nafasi uje nyumbani." Nikasema nitakuja likizo. Nilikuja, kweli, nikala, nikakuletea sukari na sabuni kama mtoto mwema, na daftari halikutajwa. Nilikuja Krismasi, nikaja Pasaka, mwaka ukapita, na mwingine, ikawa miaka sita. Hukulitoa na mimi sikuliuliza. Nilijiambia umelitupa. Nilijiambia kunyamaza ni heshima, kidonda cha mzee hakichokonolewi. Ulikuwa woga tu, nikauvisha koti la adabu.

Maana jambo lenyewe, Baba, lilikuwa hesabu ya dakika tatu. Simu yangu ingenijibu kabla sijapepesa jicho. Miaka sita mimi, mwalimu wa hisabati, sikuwahi kugawanya 999,983 kwa thelathini na moja. Niliogopa majibu yote mawili. Ikifungika, basi namba yako ni bure na ni mimi niliyekuonyesha. Isipofungika, basi nilikuumiza kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Na ukiniuliza kisomi, nitakuambia nilikuwa sahihi: uthibitisho wenye pengo si uthibitisho, hata kama mwisho wake ni kweli. Nimejirudishia maneno hayo usiku na mchana na hayajanifaa kitu. Usahihi wa mtu anayemcheka baba yake mbele ya watoto wa watu hauna thawabu.

Uliugua wakati wa mvua. Nilipofika hospitali ulikuwa hutambui vizuri. Ulinishika kidole, ukakiachia. Tulikuzika Mwera, nyuma ya shamba, na kwaya uliyokuwa ukiilalamikia kwamba inavuta nyimbo mno ilikuimbia vizuri, nadhani ungewasamehe.

Mwezi uliopita Mama alituita tugawane nguo zako. Yohana, mdogo wangu, alichukua viatu na koti. Mimi nilidhani nitapewa kikoi. Mama akaingia ndani akatoka na daftari, akalifuta vumbi kwa khanga, akasema, "Hili ni la Karani."

Nikamwambia nilidhani ulishalitupa. Akashangaa. Akasema hakuna Jumapili uliyoacha kulitoa, isipokuwa zile nilizokuwepo mimi. Ukitoka kanisani, ukishakula, unalifungua ukurasa wa mwisho, unakaa nalo, halafu unalirudisha. Nililifungua. Juu ya ukurasa uliandika 31 na 999,983, ukachora na mstari wa kugawanyia, umenyooka kwa rula. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Nilimwambia, Baba Naomi, si ugawanye tu mwenyewe yaishe?" Mama alisema. "Akasema mkataji hajihesabii. Hii moja ni ya Karani. Nikamwambia basi mpigie simu, mwite. Akasema yule ni mwalimu sasa, ana watoto wa watu, akipata nafasi atakuja. Akasema, na kama itafungika, nataka awepo."

Mama hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anakunja shati lako huku anasema. Mimi nilikaa pale chini kwenye jamvi, nikawa nasikia sauti yako kwenye simu ukiniambia ukipata nafasi uje nyumbani, nami nikidhani unaniita kula mihogo.

Nilichukua penseli. Sikutumia simu, nilifanya kama tulivyofanya. Thelathini na moja kwenye tisini na tisa, mara tatu, inabaki sita. Kwenye sitini na tisa, mara mbili, inabaki saba. Kwenye sabini na tisa, mara mbili, kumi na saba. Kwenye mia sabini na nane, mara tano, ishirini na tatu. Kwenye mia mbili thelathini na tatu, mara saba. Mafungu 32,257. Nilirudisha mara moja, nikarudisha ya pili, na safari hii nilikuwa naomba nimekosea mimi. Ilirudi palepale.

"Imefungika?" Mama akauliza.

"Haijafungika. Yamebaki kumi na sita."

Mama akasema, "Kumbe," akaendelea kukunja nguo.

Wenye misemo yao wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yalizaliwa siku ileile pale getini, nikakataa kuyatazama sura, sasa yamekuwa makubwa yamekaa nami mezani. Silii kwa sababu ulikufa. Ulikuwa mzee, ulichoka, Mungu alikupumzisha. Ninalia kwa sababu ya Jumapili zile. Nikizihesabu ni karibu mia tatu, na kila moja ulikaa barazani na ukurasa mweupe, ukiogopa peke yako jambo ambalo tungelimaliza pamoja kabla ya chai kupoa. Saa mbili na nusu za basi kutoka hapa mpaka Mwera, na mimi nilikuwa na likizo.

Kidato cha tatu cha mwaka ule wameshatawanyika, mmoja ni fundi umeme hapa mtaani kwetu. Nilimsimamisha juzi nikamweleza habari ya jani la nyongeza, na kwamba mzee wangu hakuwa mjinga. Akasema, mwalimu, mimi namkumbuka yule mzee, nakumbuka majani. Ile ya kucheka hakuikumbuka. Ningependa hiyo initulize. Haijanituliza, kwa sababu wewe uliikumbuka.

Nisamehe, Baba. Sikuombi kwa sababu nastahili, nakuomba kwa sababu ulikuwa mtu wa kusamehe kabla ya kuombwa, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Pumzika huko uliko. Mama hajambo, mihogo imekubali, Yohana anavaa koti lako ingawa linampwaya mabegani.

Namba yako ni nzima. Nimeipita yote upya, mafungu yote mia moja sitini na nane, hakuna hata moja linaloifunga. Ilikuwa nzima tangu asubuhi ile uliposimama ubaoni, wakati mimi nawaambia watoto imeanguka.

Binti yako,
Naomi